Nafsi isiyo na jinsia, kichwa kinachouma

Mei 1643 Elisabeth wa Bohemia alikuwa na miaka 24, akiishi uhamishoni The Hague baada ya baba yake kupoteza ufalme. Alikuwa amesoma hoja ya mwanafalsafa Mfaransa René Descartes kwamba nafsi na mwili ni vitu viwili tofauti kabisa: nafsi hufikiri lakini haina urefu wala upana, na mwili una ukubwa lakini haufikiri. Akamwandikia swali moja. Kama ni hivyo, nafsi inauendeshaje mwili? Kusukuma kunataka kugusa, na kisicho na umbo kitagusa kwa kitu gani?

Descartes akaleta mfano wa uzito: jiwe huanguka, wala hatudhani uzito wake unalisukuma kwa kuligusa. Elisabeth hakuridhika. Mwezi uliofuata alijibu kuwa kwake ni rahisi zaidi kukubali kwamba nafsi nayo ina umbo kuliko kukubali kwamba kisicho na umbo kinausogeza mwili. Ndipo Descartes akamshauri asizame mno katika metafizikia, yaani falsafa ya asili ya vitu, kwani muungano wa nafsi na mwili hueleweka vyema katika maisha ya kila siku. Huko naona ni kukwepa. Elisabeth naye hakumwachia: hisia zinanionyesha kuwa nafsi huuendesha mwili, akaandika, ila hazinifundishi ni kwa namna gani.

Wengi humpa Elisabeth ushindi na kufunga kitabu. Mimi nasita, kwa sababu ya Mary Astell.

Mwaka 1694, huko Uingereza, Astell alipendekeza wanawake wajengewe mahali pa kusomea, na hoja yake ilisimama juu ya uwili uleule wa Descartes, yaani kwamba nafsi na mwili ni vitu viwili. Waganga wa zamani walishafundisha kuwa mwili wa mwanamke ni wa baridi na majimaji, kwa hiyo akili yake ni hafifu. Ukikubali kuwa akili si mwili, ubaridi huo unahusu nini? Mfaransa François Poulain de la Barre alikwishasema mwaka 1673 kwamba akili haina jinsia. Kwa watu hawa uwili ulikuwa ngao.

Na Elisabeth mwenyewe anaonyesha kwa nini ngao ilihitajika. Mwaka 1645, akisumbuliwa na homa na kikohozi, alimwambia Descartes kuwa mwili wake umejaa udhaifu wa jinsia yake, hivyo huzuni ya nafsi huudhuru upesi. Sentensi hiyo adui wa Astell angeipokea kwa mikono miwili. Lakini mwaka huohuo Elisabeth akaongeza jambo zito zaidi: yako maradhi yanayoondoa kabisa uwezo wa kufikiri. Hilo halikuhusu wanawake tu.

Mwanafalsafa Mwingereza Anne Conway, aliyeishi na maumivu makali ya kichwa kwa miaka mingi, ndiye aliyelifikisha jambo hili mbali. Katika kitabu kilichochapwa 1690, miaka 11 baada ya kifo chake, anauliza: kama nafsi haifanani na mwili hata chembe, mbona mwili ukijeruhiwa nafsi huumia? Ingetazama tu kutoka pembeni. Jibu lake ni kwamba nafsi na mwili ni wa asili moja, tofauti yao ni ya kiwango. Margaret Cavendish, Mwingereza mwenzake, kwa njia yake, alisema maada yote ina ujuzi. Bei ya nadharia hizi si ndogo: itakubidi uamini kwamba hata vumbi lina uhai.

Hata hivyo ninaelekea upande wa Elisabeth. Astell alihitaji wanawake wapewe elimu, na hilo halikudai nafsi isiyo na mwili. Lilidai waganga waulizwe ushahidi wa ule ubaridi wao. Ila mwanamke wa 1694 angemuuliza nani, na nani angemjibu? Uwili ulikuwa njia ya mkato, na simlaumu kwa kuipita.