Bomu la Ndege na Mwamvuli Wake

Kila madege ya Marekani yanapotua Diego Garcia, kisiwa chenye kambi ya kijeshi ndani ya Bahari ya Hindi hii hii yetu, barazani Unguja huzuka hoja ileile: afadhali bomu la nyuklia libebwe na ndege, maana rubani huitwa akarudi, kombora likishatoka limetoka. Ni kweli, na si jambo dogo.

Wanaopinga hoja hiyo hudhaniwa waoga tu. Hofu yao kubwa hasa ni siku zote za kulibeba, kabla hata ya siku ya kulidondosha.

Tangu mwanzo rubani alihitaji muda wa kukimbia. Hiroshima, 1945, bomu liliachiwa kwenye mita 9,400 hivi, ndege ikakata kona kali, ikawa na sekunde 43. Baadaye marubani walijifunza kuja chini chini, kupanda ghafla na kulirusha bomu huku wakigeuka. Au bomu lilifungwa mwamvuli lishuke polepole. Lile kubwa la Wasovieti, Oktoba 1961, lilikuwa na mwamvuli, na bado ndege iliporomoka kama kilomita moja mshindo ulipoifikia.

Sasa utazameni mwamvuli huo Palomares, Hispania, 17 Januari 1966. B-52, ndege ya Marekani ya kubeba mabomu, iligongana na ndege iliyokuwa ikiijaza mafuta angani. Watu 7 kati ya 11 walikufa, mabomu 4 yakaanguka. La kwanza mwamvuli ulifunguka, likatua zima. Mawili yalipiga ardhi kwa kasi, baruti zake za kawaida zikalipuka, plutoniamu, sumu yenye mionzi, ikatapakaa mashambani. Udongo na mimea ya tani 1,400 hivi ikasafirishwa Marekani. La nne mwamvuli ulishika upepo, ukalipeleka baharini. Meli zilitafuta kwa wiki nyingi, na aliyejua lilipozama ni mvuvi, Francisco Simó Orts, kwa kulinganisha alama za nchi kavu, kama afanyavyo mvuvi wa Nungwi kurudi kwenye mwamba wake. Lilitolewa siku ya 80, kina cha zaidi ya mita 800.

Siku hiyo hapakuwa na amri ya vita wala wa kuitwa arudi. Ndege zilikuwa angani ili ziwe tayari kutumwa au kurudishwa, kwa hiyo ile sifa ya kurudi ndiyo iliyoleta ajali. Baada ya nyingine Thule, Greenland, Januari 1968, Marekani ilisimamisha safari hizo.

Mkataba wa Pelindaba, ambao Tanzania imo, unakataza silaha hizi kuwekwa Afrika, lakini ibara ya 4 inaiachia kila nchi iamue yenyewe kuhusu ndege za kigeni kutua au kupita angani mwake. Wanaopinga wanataka uamuzi wetu uwe hapana, na mimi nawaunga mkono.