Skripti iliyoitwa haifichi makosa yake

Waulize waandika programu wa Python utajuaje kama skripti uliyoizindua kutoka skripti nyingine imeharibika njiani. Wengi watakujibu upesi: achana na subprocess, moduli ya Python inayozindua programu nyingine kando, ilete skripti hiyo kwa import ndani ya programu yako, uite fanksheni yake ndani ya try, kizuizi cha kudakia makosa kwa except. Ushauri huo una uzito. Kosa linakufikia likiwa zima, na aina yake, ujumbe wake na mstari lilikotokea.

Ila lawama inayoandamana nao, kwamba subprocess "inameza makosa", ni ya kuonea. Kila programu ikiisha huuachia mfumo endeshi namba. Sifuri ni salama. Skripti ya Python iliyoanguka kwa kosa lisilodakwa huacha 1. Argparse, moduli inayosoma vigezo vya mstari wa amri, ikikataa ilichopewa, 2. Na kwenye Linux, skripti iliyouawa kwa ishara ya 9, amri ya mfumo ya kuiua papo hapo, husomeka -9. Yote yamo kwenye returncode ya jibu ambalo subprocess hukurudishia. Tatizo ni kwamba subprocess.run haimlazimishi mtu kuisoma, maana check, kigezo chake cha kuikagua namba hiyo, huanza ikiwa False. Basi mtu anaizungushia try, haoni kelele, anadhani mambo shwari. Kumbe try yake inadaka kushindwa kuzindua tu, si yanayotokea baada ya hapo. Weka check=True, na namba isiyo sifuri itakurukia usoni kama kosa la CalledProcessError.

Hiyo -9 ndiyo inayonifanya niitetee njia hii. Skripti ikila kumbukumbu (RAM) mpaka Linux ikaiua, au maktaba ya C ikianguka kwa ishara ya 11, ya kugusa kumbukumbu isiyo yake, hakuna except ya kuokoa. Kama uliileta kwa import, zinakufa zote mbili, na hakuna iliyobaki kuandika kilichotokea. Kwa subprocess, iliyozindua inabaki hai, na namba ya iliyokufa mkononi. Kuna na sys.exit, ambayo watu huisahau: hurusha SystemExit, nayo haimo chini ya Exception, kundi la makosa ya kawaida. Kwa hiyo except Exception haiidaki. Skripti kuu inafungashwa virago na mgeni iliyemkaribisha yenyewe, pengine kwa namba 0, kama vile kazi imekamilika.

Namba yenyewe, hata hivyo, ni finyu, na hapa wapinzani wana hoja kuliko wanavyojua. Linux hupitisha biti 8 tu, yaani 0 hadi 255, kisha hesabu huanza upya. Kuna wanaoona ni werevu kuandika sys.exit na idadi ya makosa ndani yake. Makosa 255 yatasomeka 255. Makosa 300 yatasomeka 44, jambo la kuchekesha. Makosa 256 yatasomeka 0, na hilo halichekeshi: kazi iliyoharibika kupindukia inapita kama safi, huku check=True ikiwa imewashwa. Namba iseme imeshindwa au haikushindwa, basi. Maelezo yapite stderr, mkondo wa ujumbe wa makosa, ambayo tangu Python 3.7 unaipata kwa capture_output=True. Lakini usihukumu kwa stderr peke yake, maana maonyo na rekodi za logging hupita humo humo hata skripti ikiwa nzima.

Kwa kipande kifupi ulichokiandika mwenyewe, import inatosha. Ila skripti iliyodaka kila kitu kwa except Exception, ikachapa ujumbe kisha ikaendelea hadi mwisho, itatoa 0 kwa subprocess, na kwa import itarudi kimya vilevile. Hiyo hutengenezwa humo ndani: ondoa except, au, kama huizindua kwa subprocess, chini ya ile print ongeza sys.exit(1).