Nilikatazwa Kucheka

Siku nilipopewa ruhusa ya kurudi nyumbani nilikuwa nimelala wodini siku 24 na kupungua kilo 11, hata suruali niliyoingia nayo hospitali ilinibidi niishike kwa mkono mmoja kama mtu aliyeiazima kwa tajiri. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka kabla sijafikishwa, usaha ukamwagika tumboni, nikapasuliwa kuanzia juu ya kitovu hadi chini yake. Kisha kidonda nacho kikashika usaha, kikawa kinaoshwa kila asubuhi mpaka kilipotakata na kushonwa upya siku ya 19. Ya wodini ni mengi, lakini nitasema moja tu. Baada ya upasuaji ule sikuruhusiwa kula mpaka ithibitike kwamba utumbo umeanza kufanya kazi, na uthibitisho wenyewe ni kutoa hewa. Kwa siku tatu nesi aliniuliza swali hilo kwa sauti ya kusikika hadi kitanda cha mwisho, na nilipofanikiwa, usiku wa manane, wagonjwa wenzangu walinipigia makofi.

Daktari alinipa masharti ya nyumbani: kwa wiki sita nisinyanyue kitu kizito kuliko ndoo ya lita tano, nisichuchumae, na kila nikitaka kukohoa au kupiga chafya niukumbatie mto tumboni ili nyuzi zisivutike. "Na kucheka ni hivyo hivyo," aliongeza. Nikacheka. Nilipomaliza kuugulia nilikuwa nimeshaelewa kwamba hakuwa akitania.

Mke wangu alikodi bajaji. Kutoka hospitalini hadi kwetu Mbagala kuna matuta 14, ambayo nilikuwa nimeyapita kwa miaka mingi bila kuyahesabu. Dereva alikuwa kijana mwenye adabu sana: kila tulipolikaribia tuta aligeuka akasema, "Pole mzee," kisha akalirukia kwa mwendo uleule.

Sasa, mimi ni Mzaramo, na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni Mnyamwezi. Utani wa makabila haya mawili wazee wetu huuhusisha na misafara ya wapagazi waliotoka Tabora kwenda Bagamoyo wakipita Uzaramoni, na sehemu yake kubwa huonekana msibani, ambako mtani anaweza kuingia kaburini akajilaza humo na kukataa kutoka mpaka apewe haki yake. Jirani yangu alikuwa ameningoja kwa siku 24, na inaonekana aliniona nimemdhulumu kwa kurudi mzima.

Tulimkuta amejilaza mlangoni kwangu, juu ya mkeka, amefunikwa shuka jeupe hadi kifuani na pamba katika matundu yote mawili ya pua. Mkewe alikuwa ameketi pembeni, kanga kichwani, akilia kwa kutaja madeni: "Umeondoka na elfu kumi na tano zangu, mtani! Umeondoka na pasi yangu!" Pasi yenyewe kweli ninayo.

"Hupiti," marehemu aliniambia bila kufumbua macho. "Nimekufa badala yako. Lipa."

Niliegemea ukuta, nikaubana mto tumboni na kujilazimisha kuiwaza bili ya hospitali, ambayo ni dawa nzuri ya kuzuia kicheko, na ingenisaidia kama asingetokea bibi wa nyumba ya tatu, mwenye mtoto wa jicho, akiwa ameniletea chupa ya uji. Bibi aliona shuka, akaona pamba, akasikia kilio. Chupa ilianguka, na ukunga alioupiga ulifika kituo cha daladala.

Kwetu uswahilini msiba hauhitaji maelezo. Muda si mrefu uani kwangu palikuwa na viti vya plastiki, akina mama walikuwa wakiulizana nani ana sufuria kubwa, na mjumbe alikuwa ameketi na daftari la michango. Mke wangu alizunguka akiwaambia watu kwamba mumewe ni yule pale ukutani, nao walimkumbatia na kumwambia, "Jikaze, shoga yangu, ndiyo mipango ya Mungu." Mtani wangu, alipoona mambo yamekuwa makubwa kuliko alivyokusudia, aliogopa kuamka.

Mjumbe alinifikia na daftari lake. Tumejuana miaka minane, lakini zile kilo 11 zilikuwa zimeondoka na sura yangu.

"Ndugu yangu, wewe unatokea upande wa marehemu?"

Nilitikisa kichwa kukubali, kwa kuwa ningefungua mdomo tu ningeangua kicheko.

"Basi changia chochote."

Nikatoa elfu mbili. Akaandika: "Ndugu wa marehemu, mwembamba."

Hapo ndipo pamba ilipomshinda mtani. Alipiga chafya moja nzito, pamba ya tundu la kushoto ikaruka mbele ya waombolezaji, naye akainuka kitako na kusema, "Samahanini." Sijapata kuona ua ukiwa mtupu kwa haraka namna ile. Bibi mwenye mtoto wa jicho, ambaye tulikuwa tukimshika mkono kuvuka mtaro, aliuruka peke yake.

Nikacheka, mto ukanidondoka, nikasikia tumboni kitu kimekatika taratibu kama uzi wa kifungo, na bendeji ikaanza kuwa nyekundu.

Tulirudi hospitalini kwa bajaji ileile na matuta yaleyale, na mtani wangu akanisindikiza akiniomba radhi njia nzima. Mapokezi walinipita mimi wakamwendea yeye, kwa sababu pamba ya tundu la kulia ilikuwa bado ipo. Kumbe zilikuwa zimekatika nyuzi mbili za juu tu, na nesi, huku akizishona, aliniuliza nilikuwa nimebeba nini. Nilimwambia ukweli, na ikambidi aweke sindano chini kwanza.

Michango ilifika sh 47,500. Mtani alidai ni yake kwa kuwa marehemu alikuwa yeye; waliochanga walirudishiwa kwa majina, mmoja mmoja, isipokuwa mimi. Mjumbe anasema katika daftari lake hakuna jina langu, na yule ndugu mwembamba hajaonekana tena mtaani.