Kizungu cha Saa Tatu Usiku

Saa tatu usiku, ugali ndio kwanza unasongwa, hodi! Dogo wa jirani, kidato cha pili, daftari kwapani.

"Shikamoo anko. Baba kasema unijibie haya."

Si unielekeze. Unijibie! Maswali kumi ya question tags, vile vimkia vya kuuliza mwishoni mwa sentensi ya Kiingereza, yanakusanywa kesho asubuhi, na yote kayajaza "isn't it".

Mimi na heshima zangu, nikajikohoza. "Marahaba. Sikiliza. Tafuta kitenzi kisaidizi. Sentensi ikiwa yakinishi, mkia unakanusha. Ikikanusha, mkia unakubali. Jina liweke kiwakilishi. 'Juma can swim', mkia wake?"

"Isn't it."

"Can't he! Si 'can' hiyo hapo? Kisipokuwepo kisaidizi, azima 'do', 'does' au 'did', kwa kufuata wakati. 'Asha sells fish'?"

"Don't she."

"Doesn't! Asha ni mmoja!"

Tukafika "Nobody called." Akaandika "didn't he". Nikamweleza kwa upole: "nobody" imeshabeba ukanushi, sawa na "never", "hardly" na "seldom", kwa hiyo mkia ukubali: "did they?"

"Anko, they wangapi tena, wakati hakuna aliyepiga?"

Kamuulize Mfalme wa Uingereza.

"He's eaten." Kaandika "isn't he". Nikamwambia hiyo 's ina watu wawili ndani, "is" na "has", mtazame anayefuata. "Eating", ni "is". "Eaten", ni "has", basi "hasn't he". Akaelewa. Nikajiona profesa.

Ndipo ikaja "I am late." Dogo akaandika "amn't I", kwa kanuni yangu mwenyewe, neno kwa neno. Nikamfutia: "aren't I". Akaniangalia kama mganga aliyekosea dawa.

"Si umesema tufuate kisaidizi?"

Nimesema! Na "Let's go" ni "shall we", kariri, usiulize, lugha hii sikuitunga mimi! Ugali umepoa, mama watoto ananitolea macho, na bado namba nane.

Huyo ana nafuu. Yupo anayetuma picha WhatsApp, nusu ya swali imekatwa, kifungu cha habari hakipo, halafu "anko vipi?" Yupo anayetaka "She slept" iende passive, yaani kauli ya kutendwa, kitenzi hakina yambwa, nani alalwe? Na wa kidato cha nne anadai insha ya fasihi, riwaya mbili, hoja tatu kila moja, na hajafungua hata moja. Umaskini, rushwa, mapenzi, kamaliza. Mwanangu, taja hoja, ieleze, halafu sema mhusika gani kafanya nini na yakamkuta yapi. Bila hilo msahihishaji anakupita tu.

Kitabu chenyewe hana. Cha kwangu kiliazimwa na dada yake, na kamusi yangu iko kwao, na tukianza kuhesabu, ngazi yangu nayo iko kwao tangu walipopaka rangi, na baba yake kila tukikutana dukani anaangalia bei ya sabuni.