Njia ya hija inaanzia Kageye, mbona tunaipita tu?

Kila ikikaribia tarehe 3 Juni mahujaji wa kanda ya ziwa wanapanda mabasi, rozari mkononi, nyimbo mwanzo mwisho, wanavuka mpaka wa Mutukula hadi Namugongo kwa mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao. Napenda sana hiyo kitu. Ila inaniuma kwamba wengi wanatoka hapa Mwanza bila kujua kuwa wamisionari waliopeleka Ukatoliki Buganda, ufalme ulio Uganda ya leo, walipandia mtumbwi huku huku kwetu, Kageye, kijiji cha kando ya Ziwa Victoria, Januari 1879, Padre Lourdel na Bruda Amans, wakavuka ziwa mpaka Kigungu, Entebbe, wakatua tarehe 17 Februari. Mwishoni mwa 1882 hali ya kule ikawa mbaya wakarudi kusini, wakafungua misheni Bukumbi, huku huku Mwanza, halafu 1885 wakaenda tena, na mwaka huo huo mauaji ya Wakristo yakaanza. Yaani Kageye, Bukumbi, Kigungu, Namugongo ni historia moja, sisi tunaenda kuisoma ukurasa wa mwisho tu.

Mimi nasema tuitengeneze iwe njia ya kutembea kwa miguu, hata kama ni upande wetu tu kwanza. Kwenye njia ya hija ya Santiago, Hispania, hujaji anabeba kadi inagongwa mhuri anapopita, akitembea angalau kilomita 100 za mwisho anapewa cheti, analala hosteli za kawaida kabisa. Huo mhuri ndo naupenda, maana unakufanya usimame kijijini, na ukisimama utakunywa chai kwa mama ntilie, utakula sato, utapanda boda ukichoka, hela inabaki pale pale. Mgeni wa mbugani mara nyingi ameshalipia kila kitu kwao kabla hajatua.

Na tusikimbilie kujenga mahoteli ufukweni jamani, sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli zinazoharibu ndani ya mita 60 kutoka ziwani na inatosha kabisa kutulinda tukiifuata. Watu walale majumbani mwa wenyeji na kwenye kumbi za parokia. Kinachohitajika kweli ni vyoo, maji safi, na mtu wa kuwaambia wageni wasiingie ziwani hovyo, kichocho kipo.

Waongozaji wawe vijana wa Kageye na Bukumbi wenyewe, wazee wawafundishe. Parokia na serikali za vijiji wakae, wachonge mihuri, waweke vibao, Juni ijayo kundi la kwanza litembee.