Mistari minne ya afisa ustawi

Mlango wa chumba cha mahakama ulifungwa kwa kishindo, na mtoto niliyekaa naye benchi moja akajikunyata, mikono miwili kichwani. Ana miaka 14. Kesi yake ni wizi wa simu ya dereva wa bodaboda. Hakimu alipomuuliza maswali alitazama sakafu na kujibu "sijui", tena "sijui". Mwendesha mashtaka akasema huyu ana kiburi.

Mimi ni msaidizi wa kisheria, kazi ya kujitolea, na nimeshaona "viburi" vya namna hii vya kutosha. Kilichoniudhi siku ile kilikuwa ripoti ya afisa ustawi wa jamii, ile inayotakiwa kumweleza hakimu maisha ya mtoto. Ilikuwa na mistari minne: mtoro wa shule, ana makundi mabaya, analelewa na baba wa kambo, anahitaji kurekebishwa tabia. Basi.

Mengine nilikuwa nimeyasikia kwa bibi yake, amekaa barazani anachambua mchele. Mama wa mtoto yuko Oman, kazi za ndani, tangu mtoto ana miaka tisa. Baba wa kambo akilewa hufunga kwanza mlango kwa ndani, ndipo anachukua waya. Mtoto akaona heri alale stendi. "Na stendi, mwanangu," bibi akaniuliza, "nani anakulisha bure?"

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 si mbaya hata kidogo. Mahakama ya watoto inakaa faragha, afisa ustawi awepo, mtoto asichanganywe na watu wazima mahabusu, na hahukumiwi kifungo. Lakini hakimu hakai kwenye baraza za watu. Njia pekee ya waya ule kufika mezani kwake ni hiyo ripoti, na sisi tunaijaza kama fomu ya kuombea kitambulisho.

Najua jibu lenu: mbona wengi tumechapwa na hatujaiba? Kweli, hata mimi nimechapwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulikuta karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufika miaka 18. Wangekuwa wote wezi tusingekuwa na nchi. Ila mimi nikichapwa nilikuwa na shangazi nyumba ya pili, nakimbilia huko, nakula, nalala. Mtoto asiye na pa kukimbilia anakimbilia stendi, na stendi ina walimu wake. Wala sisemi dereva asahau simu yake. Anailipia kwa mkopo, ana haki ya kukasirika.

Nilimfuata afisa ustawi koridoni, nikiwa nimekusanya hasira zangu zote. Akanisikiliza, kisha akasema, "Kaka, nina kata tatu. Nauli ya kwenda kwa watu natoa mfukoni. Huyu mtoto nilimwona dakika kumi, polisi, askari amesimama mlangoni. Angeniambia nini?" Nikaishiwa maneno. Tunajenga majengo ya mahakama, tunakata utepe, halafu mtu anayetakiwa kwenda kumjua mtoto hana nauli ya bodaboda.

Kesi iliahirishwa siku 14. Safari hii afisa alikwenda, akakaa na bibi, akaongea na mwalimu wa darasa, akamwona mtoto peke yake. Ripoti ikawa kurasa mbili na nusu. Hakimu aliisoma kimya, akarudia ukurasa wa kwanza, akaamuru mtoto akae kwa bibi chini ya uangalizi. Irambo, kule Mbeya, ambayo kwa miaka mingi ndiyo shule ya maadilisho pekee nchini, wanakopelekwa watoto waliotiwa hatiani, iko zaidi ya kilomita 800 kutoka baraza ile. Sijui bibi angefikaje kumtembelea.

Juzi nilipita kuwajulia hali. Shule anakwenda, si kila siku. Analala ndani sasa, lakini mlango hataki ufungwe, na bibi ameweka kitanda chake karibu na kizingiti.