Wanaodai tiba ya uti wa mgongo hawadai kutembea tu

Lawama mbili huwafuata watu wanaoshinikiza utafiti wa tiba ya majeraha ya uti wa mgongo, yaani waliopooza wenyewe, wazazi wao na wenzi wao, ambao huchangisha fedha na kubisha hodi katika ofisi za wabunge. Ya kwanza ni kwamba wanauza matumaini. Ya pili ni nzito zaidi, kwa sababu hutoka kwa wanaharakati wa haki za watu wenye ulemavu: kwamba kuidai tiba kwa nguvu kiasi hicho ni kukiri kuwa maisha ya kiti cha magurudumu ni maisha pungufu, na ni kuipa serikali kisingizio cha kutojenga njia na usafiri unaomfaa kila mtu.

Lawama hizi hazikuzuka bure. Januari 2000, tangazo la televisheni la kampuni ya Nuveen nchini Marekani lilitumia ujanja wa picha kumwonyesha mwigizaji Christopher Reeve, aliyekuwa amepooza tangu 1995, akiinuka na kutembea. Wapo watazamaji walioamini kwamba amepona. Oktoba 2010 kampuni ya Geron ilianza kuwapa waliojeruhiwa seli zilizotokana na kiinitete, na mwaka mmoja baadaye ikaacha kwa sababu za kifedha. Zipo pia kliniki zinazotoza fedha nyingi kwa sindano za seli shina (seli zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine) ambazo hazijathibitishwa. Tena, kati ya watu zaidi ya milioni 15 ambao Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa wanaishi na jeraha hili, wengi wanahitaji leo hii kiti kinachowatosha na mipira safi ya mkojo, mambo ambayo hayangoji ugunduzi wowote.

Hata hivyo, lawama zote mbili zinachukulia kwamba tayari tunajua watu hawa wanataka nini, nacho ni kutembea. Mwaka 2004 Kim Anderson, mtafiti ambaye mwenyewe ana jeraha la uti wa mgongo, alichapisha matokeo ya dodoso lililojibiwa na watu 681 wenye hali hiyo, akiwauliza ni uwezo upi ukirejea ungebadilisha maisha yao zaidi. Waliopooza mikono na miguu waliweka mbele mikono na viganja. Waliopooza miguu peke yake waliweka mbele tendo la ndoa. Makundi yote mawili yalikipa uzito mkubwa kibofu na choo, na hakuna kundi ambalo kutembea kulishika nafasi ya kwanza.

Matokeo haya yanastahili kutafakariwa kuliko yanavyotafakariwa. Mwenye kiganja kinachoshika anaweza kujiingizia mpira wa mkojo bila msaada, na kwa hiyo anaamua mwenyewe saa ya kulala, saa ya kutoka na nani aingie chumbani mwake. Kwa mtu aliyeumia shingoni au sehemu ya juu ya kifua, kibofu kilichojaa kinaweza kupandisha shinikizo la damu ghafla hadi kuhatarisha uhai. Wanaharakati wa haki wanasema kweli wanaposema kwamba ngazi ni kosa la mjenzi. Lakini sioni sheria ya majengo itakayozuia maambukizi ya figo, na sioni ni heshima gani anayovunjiwa mtu mwenye ulemavu pale mwenzake anapotaka mkojo wake usimuue. Wakati huohuo, kipimo kilichotawala maabara tangu 1995 kilikuwa cha alama 21, kikipima jinsi miguu ya nyuma ya panya inavyotembea. Kwa maneno mengine, hamu ya kutembea iliyolaumiwa kwa wagonjwa ilikuwa imejikita zaidi katika vipimo vya wanasayansi.

Ndiyo maana naiona kazi ya shirika la Unite 2 Fight Paralysis, lililoanzishwa 2005, kuwa ya maana kupita fedha iliyoleta. Watetezi wake walilishawishi bunge la jimbo la Minnesota hadi mwaka 2015 likaanzisha mfuko wa ruzuku kwa utafiti wa majeraha ya uti wa mgongo na ya ubongo. Katika baraza linaloushauri mfuko huo, sheria inatenga kiti kwa mtu mwenye jeraha la uti wa mgongo na kingine kwa mwanafamilia. Anayekaa humo haombi huruma. Anauliza fedha itapima nini.

Anauliza pia itamfaa nani. Majaribio mengi ya seli na dawa huwachukua watu walioumia siku au wiki chache zilizopita, ilhali waliopooza kwa miaka mingi ndio wengi. Kwa hiyo jaribio la kifaa cha ARC-EX, kinachopeleka umeme kwenye uti wa mgongo kupitia ngozi ya shingo, lilikuwa na uzito wake. Lililenga mikono, liliwakubali hata watu walioumia miaka 34 iliyopita, na kati ya washiriki 60 waliolimaliza, asilimia 72 walipata nafuu katika nguvu na katika matumizi ya mikono. Desemba 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu kifaa hicho kuuzwa. Hakukuwa na kundi la kulinganishia, na mwenye kudai ushahidi zaidi ana haki ya kuudai. Kibofu na utumbo navyo havikuwa lengo la jaribio hilo, na huko ndiko ambako ningependa shinikizo la watetezi lielekezwe sasa.